Uzi: Ganzi inakuonyesha neva imeguswa wapi. Tuifuate kuanzia kidole cha mguu hadi ubongoni

#1 Waya Mrefu

Wakuu, neno ganzi tunalibebesha mizigo mingi. Mguu ulioukalia umekufa ganzi. Daktari wa meno anachoma ganzi. Mwenye kisukari nyayo zina ganzi, na aliyepatwa na kiharusi upande mmoja una ganzi. Jina ni moja, lakini neva imeguswa mahali tofauti na kwa namna tofauti. Ukijua inapita wapi, unaweza kukisia tatizo liko wapi kabla hata ya kipimo chochote.

Tuchukue neva moja inayobeba mguso wa kidole gumba cha mguu. Seli mama haiko kwenye kidole wala ubongoni. Iko kwenye kinundu kidogo pembeni ya pingili za kiunoni. Kutoka hapo inatoa nyuzi mbili: moja inashuka hadi ncha ya kidole, karibu mita nzima, nyingine inaingia kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo na kupanda bila kuunganishwa popote hadi chini ya kisogo. Seli moja, urefu wa mita moja na nusu kwa mtu mzima. Uzi wa maumivu unafanya tofauti: ukiingia tu kwenye ugwe unakabidhi habari kwa seli nyingine, na hiyo inavuka upande wa pili palepale. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa umeme wake. Neva iliyotulia ina takribani milivolti 70 hasi kwa ndani. Hali hiyo inalindwa na pampu: kila mzunguko inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, kwa gharama ya nishati. Neva ikiguswa hadi ikafika kama 55 hasi, milango ya sodiamu inafunguka kwa mkupuo, sodiamu inamiminika ndani, volti inaruka hadi 30 chanya. Milango ya potasiamu inafuata, hali inarudi. Tukio zima ni kama milisekunde 1 hadi 2. Kipande kilichowaka kinawasha kinachofuata. Neva nene zimevikwa mafuta yaitwayo mayelini yenye mapengo takribani kila milimita 1, na mshtuko unaruka kutoka pengo hadi pengo. Waliopima huko kuingia na kutoka kwa sodiamu na potasiamu kwa mara ya kwanza kwa hesabu kamili ni Hodgkin na Huxley, mwaka 1952, kwa kutumia neva kubwa ya ngisi.

Kasi ndiyo inayoeleza mengi. Nyuzi nene za mguso: mita 35 hadi 75 kwa sekunde, na za kujua kiungo kiko wapi zinaweza kwenda kasi zaidi. Nyembamba zenye mayelini kidogo, za maumivu makali ya kwanza na baridi: 5 hadi 30. Zile nyembamba kabisa zisizo na mayelini, za maumivu ya kuunguza na joto: nusu mita hadi 2 tu. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda kuna uchungu wa kwanza, kali kama wembe, halafu kimya kifupi, halafu ndiyo yanakuja yale maumivu mazito yanayokufanya ushike kidole na kunung'unika. Hicho kimya ni tofauti ya mwendo tu.

#2 binti_maabara

Asante mkuu. Nina maswali mawili. Mtu akikunja nne mguu unakufa ganzi: ni damu imekatika au ni neva imebanwa? Na kwa nini zile sindano-sindano zinakuja *baada* ya kunyoosha, si wakati umebanwa?

#3 Waya Mrefu

Dada, vyote viwili kwa pamoja. Neva ina vimishipa vyake vidogo vya damu. Ikigandamizwa, vimishipa hivyo vinabanwa, oksijeni inapungua, na ile pampu niliyoitaja inakosa nishati. Pampu ikisimama, tofauti ya volti inapotea na neva inanyamaza.

Shinikizo linaanza na nyuzi nene. Kwa hiyo kwanza unapoteza mguso na kujua mguu uko wapi (ukisimama unakanyaga hewa), lakini ukifinywa kwa nguvu bado unaumia.

Ukinyoosha, damu inarudi, lakini pampu haziamki zote kwa wakati mmoja. Kwa muda neva inakuwa karibu sana na ile alama ya kuwaka, inajiwasha ovyo bila kuguswa na kitu. Ubongo unapokea ishara zisizo na mpangilio na kuzitafsiri kama sindano. Ni dalili ya kupona, dakika chache zinatosha.

Sehemu ya kuchunga: papasa upande wa nje chini kidogo ya goti, utakuta nundu ya mfupa. Neva inayonyanyua unyayo inazunguka shingo ya mfupa huo chini ya ngozi tu, haina nyama ya kuikinga. Kukunja nne muda mrefu, kuchuchumaa saa nyingi shambani, au plasta ngumu iliyobana pale inaweza kuiumiza zaidi ya kuilaza. Mtu anashindwa kunyanyua unyayo, vidole vinakwaruza chini akitembea, na ganzi iko juu ya unyayo. Hiyo haisubiriwi kama ganzi ya kawaida. Mwenye plasta arudi siku hiyohiyo ikatwe.

#4 MenoNaUfizi

Niongezee ganzi ya sindano, maana mpangilio wake ni kinyume cha huo. Lidokeini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, inaziba milango ya sodiamu kutokea ndani ya neva, na inaanza na nyuzi nyembamba. Maumivu yanapotea kwanza, mguso na mgandamizo vinabaki. Ndiyo maana mgonjwa anasema "nasikia unavuta" na ni kweli anasikia, ila haimuumi.

Lalamiko la kila siku: jino lina usaha, ganzi imegoma. Watu wanadhani dawa ni feki. Ni kemia. Dawa inapita ukuta wa neva ikiwa haina chaji. Kwenye mwili wa kawaida, pH 7.4 (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imeongezeka), karibu robo ya lidokeini iko katika hali hiyo. Penye usaha pana asidi. pH ikishuka hadi 6.5 inabaki kama 4% tu. Unaweza kuongeza sindano tatu palepale usipate kitu. Kinachosaidia ni kuichoma neva mbali na usaha, huko nyuma ya taya, au kutoa usaha kwanza.

Na kuongeza kuna mwisho. Lidokeini ya 2% ina miligramu 20 kwa kila mililita. Bila adrenalini kikomo cha tahadhari ni miligramu 3 kwa kilo, yaani mtu wa kilo 60 asizidi 180, sawa na mililita 9. Yenye adrenalini inafika miligramu 7 kwa kilo. Ikizidi, dalili zinaanza na midomo kuwasha, ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, kisha degedege. Mgonjwa akitaja ladha ya chuma, acha kusukuma bomba.

#5 Shoti

Mtaani ukisema vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi unaambiwa moyo huo au presha. Kuna ukweli?

#6 Sista Zamu

Mara nyingi hapana, ila uliza *vidole vipi*.

Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa usiku, mtu anaamka anakung'uta mkono: neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale mkono unapoungana na kiganja. Wajawazito, wanaosuka, wanaokanda unga na wanaochapa wanaipata sana. Kuvaa kishikizo kinachonyoosha kifundo cha mkono usiku kwa wiki kama 6 kunawasaidia wengi. Nyama ya chini ya gumba ikianza kubonyea, usisubiri tena, huenda ikahitaji upasuaji.

Kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete: neva ya kwenye kiwiko, ileile inayokupiga shoti ukigonga kona ya meza. Wanaolala wamekunja viwiko au kushikilia simu sikioni muda mrefu.

Hilo la kidole cha pete kugawanyika katikati ni alama nzuri. Kikigawanyika, tatizo liko kwenye neva ya mkono. Kikifa ganzi chote pamoja na cha mwisho, na ganzi inapanda upande wa ndani wa mkono, tazama shingo.

Moyo hauchagui nusu kidole. Kifua kubana, jasho jembamba, pumzi fupi, maumivu ya mkono au taya: hapo acha kuhesabu vidole, nenda hospitali.

#7 binti_maabara

Kwenye hiyo ramani ya neva na ngozi, si ndiyo sababu mkanda wa jeshi unakaa kama mkanda kweli?

#8 Waya Mrefu

Ndiyo hasa. Kuna jozi 31 za neva zinazotoka kwenye ugwe, na karibu kila moja ina kipande chake cha ngozi: ya kumi ya kifua iko usawa wa kitovu, ya nne usawa wa chuchu. Virusi vya tetekuwanga vinajificha miaka mingi ndani ya vile vinundu vya seli mama. Vikiamka vinasafiri kwenye neva hiyo moja, kwa hiyo malengelenge yanafuata kipande chake na kuishia katikati ya mwili. Kuungua au ganzi hutangulia siku kadhaa kabla ya vipele, mtu anadhani ni mbavu. Dawa ni asiklovia miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, na ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kwenye jicho au ncha ya pua, ni daktari wa macho siku hiyohiyo.

#9 mkulima_wa_bonde

Wataalamu, kwa nini kisukari kinaanza na nyayo? Sukari si iko kwenye damu ya mwili mzima?

#10 Sista Zamu

Swali zuri mzee. Jibu ni urefu. Kila kipuri cha neva kinatengenezwa kwenye seli mama pale kiunoni na kusafirishwa hadi kidoleni. Mizigo ya haraka inakwenda hadi milimita 400 kwa siku, maana yake siku mbili na nusu au zaidi kufika kidoleni. Mizigo ya polepole inatambaa milimita chache tu kwa siku. Sukari nyingi inaharibu vimishipa vinavyolisha neva na utendaji wa ndani wa neva yenyewe. Neva ndefu ndiyo inayolemewa kwanza. Ganzi inaanza vidoleni miguu yote miwili, inapanda kama soksi, na ikikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo vinaanza.

Dalili zinazopuuzwa: kandambili inachomoka mguuni na mtu anaendelea kutembea bila kujua. Au akifumba macho ananawa uso kwenye beseni, anayumba. Bila macho, miguu haimwambii amesimama vipi.

Kipimo cha nyumbani: mgonjwa alale afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, miguu yote. Usibonyeze, usipapase, usirudie palepale. Ni sehemu sita. Asipohisi mbili au zaidi, hisia zimepungua. Kliniki wanatumia uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na hauwekwi juu ya sugu maana hapo hata mzima hahisi.

Asiyehisi nyayo akague miguu kila jioni, nyayo kwa kioo. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, na isiwe kiwiko chake kama mikono nayo ina ganzi. Vidonda vingi vinaanzia kwenye kitu kidogo kama kokoto ndani ya kiatu.

#11 Shoti

Si achome tu zile sindano nyekundu za B? Zinauzwa kila duka la dawa, "za kurudisha neva".

#12 MenoNaUfizi

Hapana mkuu, hiyo tabia inaficha mengi. Vitamini B inarudisha neva kama tatizo lilikuwa upungufu wa vitamini hiyo. Mifano halisi ni hii. Metifomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu inaweza kupunguza B12. Isoniazidi ya TB inafunga B6 na kuitoa kwenye mkojo, ndiyo maana dawa za TB huandamana na piridoksini (ndiyo B6) miligramu 10 hadi 25 kwa siku, hasa kwa mjamzito, mwenye VVU, mwenye kisukari na mnywaji wa pombe. Mgonjwa wa TB anayeanza kuungua nyayo asiache dawa, arudi kliniki aongezewe B6.

Na B6 hiyohiyo ikizidi, mamia ya miligramu kila siku kwa miezi, inaua seli mama za hisia na kuleta ganzi ileile uliyotaka kuitibu. Soma nyuma ya boksi, vidonge vingine vina miligramu 200 kila kimoja.

#13 Sista Zamu

Na tusisahau ukoma, bado upo. Bakteria wake wanapenda neva za sehemu zenye ubaridi, karibu na ngozi. Baka lililofifia au jekundu, halitoi jasho, na ukiligusa kwa ncha ya pamba mgonjwa kafumba macho hahisi. Papasa neva nyuma ya kiwiko, unaweza kuikuta imenenepa kama kamba. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina. Neva iliyokwisha kufa hairudi, hivyo mapema ndiyo kila kitu.

#14 mkulima_wa_bonde

Je ule ugonjwa wa muhogo mchungu, miguu inakakamaa mtu anatembea kwa vidole, nao ni ganzi?

#15 Waya Mrefu

Mzee, umegusa penyewe, maana huo ni mfano wa neva iliyoharibika *bila* ganzi. Unaitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, huko Kongo, ambako ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Tanzania uliwahi kuzuka miaka ya 1980, Tarime ikiwemo.

Unakuja ghafla, ndani ya wiki moja au pungufu, mara nyingi siku moja. Miguu yote miwili inakaza, ukigonga goti mguu unaruka kupita kiasi, lakini ukimgusa anahisi. Hayo yanatosha kutuambia mahali. Neva ikikatika njiani kwenda kwenye msuli, mguu unalegea na goti halirushi. Hapa msuli umekaza na goti linarusha sana, kwa hiyo waya wa chini ni mzima. Kilichoharibika ni ule wa juu, unaotoka ubongoni kuja kuutuliza. Baada ya hapo hauzidi, lakini haurudi.

Chanzo ni sumu ya sayanaidi kutokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ikikutana na lishe yenye protini kidogo. Mwili unaiondoa sayanaidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Ndiyo maana unalipuka wakati wa ukame au vita: muhogo unakuwa mchungu zaidi, watu wana njaa hawasubiri siku 3 au 4 za kuloweka, na maharage na samaki hakuna.

Kwa unga ambao tayari umesagwa na una shaka nao: weka kwenye bakuli, weka alama usawa wa unga. Ongeza maji ukikoroga; unga utashuka kwanza, endelea hadi upande tena kwenye alama. Tandaza juu ya mkeka usizidi unene wa sentimita 1. Saa 2 juani au 5 kivulini. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinavunja sumu na gesi inapaa. Songa ugali siku hiyohiyo.

#16 Sista Zamu

Kabla uzi haujasogea, ganzi zisizosubiri kesho:

Nusu ya mwili ghafla, uso kupinda, ulimi kuwa mzito. Kiharusi. Upande wa mwili ulioathirika ni kinyume cha upande wa ubongo, kwa sababu njia za neva huvuka upande wa pili, kama ile ya maumivu iliyoelezwa #1. Dawa ya kuyeyusha donge la damu ina dirisha la saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo andika saa. Usimpe aspirini nyumbani. Bila picha ya CT hujui kama ni donge au damu imevuja.

Ganzi mahali panapogusa kiti cha baiskeli, sehemu za siri na makalio, na mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua. Mafungu ya neva za chini ya ugwe yamebanwa. Upasuaji wa haraka.

Ganzi na udhaifu unaopanda kutoka miguuni siku hadi siku, goti halirushi, mara nyingi wiki 1 hadi 3 baada ya kuhara au mafua. Mfumo wa kinga unashambulia neva zake. Hatari ni misuli ya kupumua: mwambie avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Asipofika 20, apelekwe palipo na mashine ya kupumulia.

#17 Shoti

Swali la mwisho kutoka kwangu. Panga limekata mkono, neva imeshonwa. Hisia zinarudi lini?

#18 Waya Mrefu

Mkuu, kushona ni kuunganisha mirija tu. Uzi wa ndani, ule wa mbele ya jeraha, unakufa wote, na mpya unachipua kutoka upande wa seli mama. Unasogea takribani milimita 1 kwa siku baada ya kusuasua wiki chache. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, weka miezi 6 hadi 7. Jeraha la juu ya kiwiko ni zaidi ya mwaka, na hapo shida inakuwa misuli: ikikaa bila neva miezi 12 hadi 18 inageuka makovu, hata neva ikifika haina cha kuamsha. Kwa hiyo mazoezi ya kuvinyoosha viungo yanaanza mapema, neva ikiwa bado iko njiani.

Kuifuatilia ni rahisi. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia vidoleni kurudi kwenye kovu. Pale anaposikia shoti ndipo vichipukizi vilipofika. Weka alama kwa kalamu, andika tarehe, rudia baada ya mwezi. Alama ikisogea kama sentimita 3 kuelekea vidoleni, endeleeni. Ikibaki palepale miezi mitatu, mrudishe kwa aliyeishona.